Toyota 86 ya 2012 (ZN6) na wito wa springi za valvu: nifungue injini au niache?

Msafiri_86

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ufafanuzi kabla sijatoa hela.

Gari ni Toyota 86, chasi ZN6, usajili wa kwanza Japani Julai 2012, gia za mkono, kilomita 94,000. Liko yadi hapa Dar. Injini ni FA20 isiyo na turbo. Miaka hiyo imo kwenye wito (recall, kampuni kuyaita magari yenye kasoro yarekebishwe) wa Subaru wa springi za valvu, na muuzaji anachosema ni kwamba "Japani walishamaliza kila kitu", basi.

Maswali ni haya:

1. Nitathibitishaje kama springi zilibadilishwa kweli?
2. Kama hazijabadilishwa, kazi ifanyike hapa nyumbani au ni kuchokoza injini nzima?
3. Nimesoma kwamba kuna injini zilizogonga (kutoa mlio wa kugonga kwa kuharibika ndani) baada ya kubadilishiwa springi. Hilo linatokeaje wakati kazi imefanywa na mafundi wa kampuni?

Natanguliza shukrani.

---

Boksa_Tanga

Mkuu, hilo neno "walishamaliza" usilinunue. Linaangaliwa kwa namba ya chasi na halichukui muda.

Wito ulitangazwa Japani tarehe 1 Novemba 2018. Kwa Japani peke yake ni magari zaidi ya 101,000: Impreza, Forester, BRZ na Toyota 86. Duniani kote ni takribani 400,000. 86 imeingia humo kwa sababu injini ni ya Subaru na gari lenyewe liliundwa na Subaru kule Gunma, nembo ya Toyota ni ya nje tu. Injini zinazohusika ni FA20 isiyo na turbo, na FB20 iliyomo kwenye Impreza, XV na Forester za kipindi hicho. Kwa hiyo wenye Forester SJ5 na XV GP7 msidhani uzi huu ni wa magari ya mbio peke yake.

Chanzo ni usanifu. Mzigo unaoikuta springi ikiwa kazini ulizidi ule uliokadiriwa. Sasa chuma cha springi kikiwa na chembe ya uchafu ndani yake, ufa unaanzia kwenye chembe hiyo, unatambaa kidogo kidogo, mwisho springi inakatika. Ndiyo maana gari mbili zilizotoka siku moja, moja inakata springi na nyingine inazeeka salama. Oili nzuri haiwezi kuzuia hili, wala kuendesha kistaarabu, ingawa mizunguko mikubwa huongeza mzigo, na FA20 hutoa nguvu zake za juu kwenye 7,000.

Kuthibitisha. Namba ya chasi ya gari la soko la Japani si ile ya herufi na tarakimu 17. Ni ZN6, kistari, kisha tarakimu sita. Ukiiingiza kwenye tovuti ya Marekani ya kutafuta wito itaikataa, na watu wengi hapo huhitimisha kwamba gari lao halimo. Si kweli, umeuliza mlango usio wako. Nenda tovuti ya Toyota ya Japani, ukurasa wa kutafuta wito kwa namba ya chasi. Kisanduku cha kwanza weka ZN6, cha pili zile tarakimu. Mwenye BRZ (ZC6), Forester au Impreza aende tovuti ya Subaru ya Japani. Ni Kijapani kitupu, lakini tafsiri ya simu inatosha kukuonyesha kama gari limo kwenye wito na kama kazi imeshafanyika au bado.

Namba isome kwenye bodi ya gari. Usinakili kutoka kwenye karatasi ya muuzaji, tarakimu moja ikipinda umesoma historia ya gari la mtu mwingine.

Jambo la ziada: Japani walikuwa na utaratibu wa kubandika stika ndogo yenye namba ya wito kwenye fremu ya mlango wa dereva, pale karibu na kibano cha kufungia mlango. Ikiwepo ni dalili nzuri. Isipokuwepo haithibitishi chochote, stika huoshwa na bodi hupigwa rangi upya.

Muuzaji akikataa kukupa namba ya chasi, achana na gari hilo.

---

fundi_krenki

Boksa kamaliza swali la kwanza. Mimi nijibu la pili na la tatu kwa pamoja, kwa sababu ni jambo moja.

Kubadilisha springi kwenye injini ya boksa si sawa na injini iliyosimama, ambako unafungua kifuniko cha juu na kazi iko mbele yako. Huku silinda zimelala kushoto na kulia, na hedi zimebanwa na chasi pande zote mbili. Injini inatolewa nje. Kisha unafungua kifuniko cha mbele cha cheni, cheni mbili zinavuliwa, kemshafti nne zinatoka pamoja na nyumba zake, roka 16 (vijiti vinavyosukuma valvu) zinatoka, ndipo unazifikia springi. Kazi ya kiwandani ilihesabiwa kwa saa zaidi ya kumi, na hao wana vifaa maalumu vyote.

Hedi zenyewe si lazima zitoke kwenye bloku. Pistoni ikiwa juu kabisa na krenki (shafti kuu ya injini) ikiwa imefungwa isizunguke, unaingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi, upepo unaishikilia valvu isidondoke ndani, unaiminya springi, unatoa vibano viwili, unabadilisha. Valvu 16, vibano 32. Kimoja kikidondoka kwenye tundu la kurudishia oili, kazi inasimama hadi kipatikane. Ziba matundu yote kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kabla hujaanza kuminya.

Haya sasa, kwa nini injini hugonga baadaye? Kosa haliko kwenye springi mpya. Liko kwenye silikoni.

Kifuniko cha cheni hakina gasketi ya karatasi. Nyumba za kemshafti na sampu ya chini (beseni la oili) nazo hivyo hivyo. Vyote vinazibwa kwa silikoni ya maji, na kifuniko hicho cha mbele ni kirefu, kina kona nyingi na matundu ya oili yanayopita katikati yake. Fundi akiogopa kuvuja anapaka nene. Akikaza boliti, silikoni inaminywa pande mbili: ya nje anaiona, anaifuta na kufurahi. Ya ndani haioni. Inaning'inia kama mkia, inaganda, oili ya moto inaizungusha, inakatika, inashuka kwenye sampu. Pampu inaivuta mpaka kwenye kichujio cha mdomo wa kunyonyea oili, inakaa pale. Vipande vikizidi, presha inashuka, na wa kwanza kulia ni beringi za konrodi. Vipande vidogo kabisa vikiwahi kubaki upande wa pili wa filta wakati wa kufunga, vinaweza kuziba njia nyembamba za oili na vali za kurekebisha taimingi.

Kosa la pili ni kusafisha. Silikoni ya zamani ikwanguliwe kwa kipande cha plastiki na kiyeyushi. Fundi anayechukua diski ya kusugulia kwenye drili, ile yenye nyuzi za kukwaruza, anamwaga unga wa oksidi ya alumini ndani ya injini iliyo wazi. Unga ule ni mgumu kuliko beringi. Hutauona kwa macho na filta haiumalizi wote.

La tatu, roka. Ikikaa pembeni kidogo ya ncha ya valvu, ukiwasha inaruka. Ndiyo maana kila roka irudi mahali pake ilipotoka (tumia trei yenye namba), na kabla ya kufunga kifuniko kila moja ikaguliwe kwa kidole na tochi.

Kama kazi itafanyika hapa, usikubali ianze kabla hivi havijawa mezani:

- Springi 16 za toleo jipya, zimeagizwa kwa namba ya chasi. Usiagize kwa picha, ya zamani na mpya zinafanana.
- Sili 16 za mashina ya valvu. Wito hauzidai, lakini mkono umeshafika huko na bei ni ndogo.
- Sili ya mbele ya krenki, pete zote za mpira za kifuniko cha cheni, gasketi za vifuniko vya valvu, na pete ya pampu ya petroli ya presha kubwa.
- Silikoni ile iliyotajwa kwenye kitabu cha ukarabati. Usiletewe ya dukani ya rangi nyekundu.
- Plagi 4. Injini ikiwa ndani ya gari plagi zake ni mateso, badilisha ikiwa nje.
- Oili 0W-20 lita 5.4 na filta. Nunua mara mbili ya hapo, sababu inakuja.
- Kulanti, na toki renchi inayosoma sawasawa.

Unene wa mstari wa silikoni umeandikwa kwenye kitabu kwa milimita, kwa kila sehemu. Fuata. Nyuso zote mbili ziwe kavu bila alama ya oili, kifuniko kikae ndani ya dakika chache baada ya kupaka, na kikikaa kisitelezeshwe. Kikiteleza, toa, futa, anza upya.

Taimingi: alama za cheni zenye rangi zilinganishe wakati wa kufunga tu. Ukizungusha krenki kwa mkono hazirudi kukutana haraka, kwa hiyo usishtuke ukadhani umekosea. Kagua alama za meno yenyewe. Zungusha mizunguko miwili kamili kwa spana. Ukihisi kitu kigumu, simama hapo hapo, usilazimishe.

Kuwasha: toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike, ndipo rudisha fyuzi. Endesha taratibu kama kilomita 500, mwaga oili, kata filta uifungue uangalie mikunjo yake, shusha sampu ndogo ya chini utazame kichujio kwa tochi. Hiyo ndiyo sababu ya oili mara mbili.

---

Chui_wa_Thika

Fundi ameeleza vizuri sana, lakini ndugu mwuliza swali asitoke hapa akakimbilia kufungua injini iliyo mzima.

Mtazamo wangu: kama namba ya chasi inaonyesha kazi haijafanyika, kwanza piga simu kwa mwakilishi rasmi wa nchi yako ukiwa na namba hiyo. Uliza maswali mawili: mnapokea gari la soko la Japani lililoingia mtumba? Mnaweza kuagiza springi za wito kwa namba hii? Hata wakikataa la kwanza, la pili linakusaidia. Huwezi kupoteza chochote kwa kuuliza, na wakikubali umeokoa pesa nyingi.

Wakikataa, pima injini ilivyo. Gari la kwenda kazini na kurudi, na fundi uliye naye hajawahi kufungua FA20 wala FB20? Hatari ya silikoni mbaya ni kubwa kuliko hatari ya springi. Liache, lakini ujue dalili. Gari la kwenda kuzungushwa uwanjani, au unataka kuongeza turbo? Hapo springi zibadilishwe bila mjadala, na uchague kabisa zile zinazofaa mizunguko unayoitaka.

Dalili zenyewe si nyingi, na wakati mwingine springi hukatika bila taarifa yoyote. Ikitoa taarifa, utaona gari linamisi (silinda inakosa kuwaka) likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, au linapopanda mizunguko, taa ya injini inawaka na kuzima, na msimbo wa hitilafu ni P0301 hadi P0304 kulingana na silinda. Silinda 1 na 3 ziko upande wa kulia ukikaa ndani ya gari, 2 na 4 kushoto. Injini inaweza kuzima ikiwa barabarani.

Usihukumu springi haraka. Hamisha koili ya silinda inayomisi upeleke kwenye jirani yake. Msimbo ukihama, ni koili. Ukibaki, angalia plagi. Ukibaki tena, pima kompresheni ya silinda zote nne: moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, ingiza upepo kupitia tundu la plagi, valvu zote zikiwa zimefunga, usikilize unatokea wapi. Ukitokea upande wa throto, ni valvu ya kuingiza hewa. Ukitokea ekzosi, ni ya kutolea moshi. Kwenye kifuniko cha oili ni ringi za pistoni. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Tahadhari moja: springi iliyokatika inaweza kujikalia vipande viwili, kimoja juu ya kingine, ikaendelea kuifunga valvu kwa mizunguko midogo. Kompresheni itasoma vizuri kumbe gari linamisi kwenye 4,000. Hapo ingiza kamera ndogo kwenye tundu la plagi utazame kichwa cha pistoni. Alama ya mwezi mchanga iliyong'aa maana yake valvu imeguswa.

Na mlio wa kama nyenje upande wa mbele wa 86 gari likiwa limesimama? Hiyo ni pampu ya petroli ya presha kubwa. FA20 nyingi zinalia hivyo tangu zikiwa mpya. Msiuziwe springi kwa mlio huo.

---

Msafiri_86

Nawashukuru sana wakuu. Nimeingiza namba: gari limo, na linaonyesha kazi imefanyika. Kwa hiyo muuzaji hakudanganya. Lakini sasa fundi_krenki kanitia hofu mpya. Nitajuaje kama silikoni ilipakwa vizuri bila kufungua mbele? Na kama nikakuta injini imeshaharibika, si rahisi kununua tu injini nyingine ya Japani pale Gerezani, kwenye maduka ya vipuri hapa Dar?

---

fundi_krenki

Huhitaji kufungua mbele. Sampu ndogo ya chuma iko chini kabisa, inatoka gari likiwa juu ya stendi na injini ikiwa mahali pake. Mwambie muuzaji utalipia kazi hiyo na oili mpya, ila iwe kabla ya malipo ya gari.

Mwaga oili ikiwa ya moto kidogo, kwenye beseni safi, na uitazame kwenye jua. Vumbi linalometa rangi ya shaba au fedha, geuza mguu. Sampu nayo imegundishwa kwa silikoni, kwa hiyo inang'olewa kwa kisu chembamba cha sili, taratibu, bila kupinda ukingo wala kukwaruza alumini ya juu yake. Ikishuka, mdomo wa kunyonyea oili unauona. Tazama wavu wake kwa kioo kidogo na tochi.

Ukikuta wavu msafi: safisha, paka mstari mwembamba, funga, nunua gari.

Ukikuta uzi mmoja au viwili: toa, weka filta mpya, rudia ukaguzi baada ya kilomita 1,000. Ukikuta wavu umefunikwa robo au zaidi: hapo hata kama injini haigongi, beringi zilishafanya kazi kwa presha pungufu. Shusha bei kwa gharama ya kufungua krenki, au achana nalo.

Taa ya presha ya oili kwenye dashibodi usiitegemee. Inawaka presha ikishafika chini kabisa, na kufikia hapo beringi zimeshaumia. Weka geji halisi. Utakachokuwa unaangalia ni presha oili ikiwa imechemka, kwa mizunguko ile ile, wiki hadi wiki. Ikianza kushuka bila sababu, rudi kwenye sampu.

---

Boksa_Tanga

Kuhusu injini ya Gerezani, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi. Hapo ndipo watu wanapigwa. Injini nyingi zinazouzwa kama "ex-Japan" zimetoka kwenye magari ya miaka hiyo hiyo ya 2012 na 2013, yaani zimo ndani ya wito ule ule, na huenda gari lake liligongwa au kusafirishwa kabla ya Novemba 2018, springi za zamani zikiwa bado ndani.

Namba ya injini haikusaidii kwenye tovuti, inataka chasi. Kwa hiyo chagua injini iliyokuja na nusu ya mbele ya gari, ile ambayo bado unaweza kusoma chasi yake au karatasi zake. Isome, itafute, ndipo mzungumze bei. Injini iliyolala sakafuni bila chasi ihesabu kuwa ni ya springi za zamani, na kwa kuwa tayari iko nje ya gari, springi 16 zibadilishwe hapo hapo kabla haijaingia. Kazi ya kutoa injini, ambayo ndiyo inayokula pesa, umeshaikwepa.

Pia usichanganye na injini ya Forester SJG yenye turbo. Nayo inaitwa FA20, lakini ni toleo jingine, haimo kwenye wito huu, na haiingii kwenye 86 kwa kufunga boliti tu.

---

Chui_wa_Thika

Niongeze kwa wenye FB20, maana wao ndio wengi huku Kenya: hatua ni zile zile, ila oili ni lita 4.8. Picha ya skrini ya majibu ya tovuti ihifadhini pamoja na logbuku. Mnunuzi wa baadaye ataiuliza.